Swali la Kumi na Mbili

Alhamisi, tarehe kumi na nne Machi, mwaka elfu mbili ishirini na nne, saa nne na robo asubuhi, Zefania alikuwa amelala chali chini ya boti ya mtu wa Ilagala pale ufukweni mwa ziwa, Kibirizi, anashindilia pamba iliyolowekwa mawese kwenye ufa wa mbao mbili, simu yake ilipoita. Jina lilikuwa la mkewe. Sauti haikuwa ya mkewe.

"Baba, mimi ni mama wa maandazi, yule wa pale shuleni. Njoo hospitali. Mwalimu ameanguka."

"Ameangukia wapi?" Ndicho alichouliza, na mpaka leo hajui kwa nini, kana kwamba mahali pangebadilisha kitu.

"Kati ya darasa la tano na la sita, baba. Alikuwa anavuka."

Anavuka. Siku ile Mwalimu Elida alikuwa akivuka tangu saa moja na nusu. Shule ilikuwa na walimu kumi na mmoja. Wanane, mwalimu mkuu akiwa mmoja wao, walikuwa Gungu kwenye semina, mmoja alikuwa likizo ya uzazi, na mmoja, Mwalimu Thobias, alituma ujumbe alfajiri kwamba malaria imemlaza. Akabaki Elida. Watoto mia sita na ushee, na mwalimu mmoja. Aliandika hesabu la tano, akavuka kuandika sentensi la sita, akarudi kunyamazisha la tatu, akavuka tena. Presha ikamkuta hapo barazani, jua likiwa halijapanda hata kufika kichwani.

Mama wa maandazi ndiye aliyemkumbatia kwenye bodaboda asianguke, mpaka hospitali. Zefania alipofika, nguo zinanuka mawese, Elida alikuwa ameshakata kauli. Macho yalikuwa wazi. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vyeupe kwa chaki. Zefania alivishika vile vidole mpaka alasiri, na alasiri wakamwambia aviachie.

Sasa mtu aulize: hiyo semina ya Gungu ilikuwa ya nini, hata ikaondoa walimu wanane kwa siku moja? Zefania aliuliza, akajibiwa, na jibu likamkaa kooni kama mwiba wa samaki aina ya mgebuka. Ilikuwa semina ya ustawi wa walimu. Afya ya akili na mafunzo kazini. Walikwenda kufundishwa kwamba mwalimu asielemewe, wakamwacha mwenzao mmoja aelemewe kwa niaba yao wote.

Jumamosi, makaburini, Mwalimu Mkuu Pastory alisimama na karatasi yake. "Tumempoteza mwalimu hodari, mlezi wa walimu wenzake," akasoma. Zefania akanyanyua kichwa.

"Hamkumpoteza," alisema, kwa sauti ambayo hata waliokuwa nyuma kabisa waliisikia. "Kitu kinapotea chenyewe. Huyu mlimwacha."

Watu wakainama. Pastory akaikunja karatasi, hakuendelea kusoma, wala hakujibu. Na kule kutojibu Zefania alikuchukua, akakuweka, akawa anakula nako mwaka mzima.

*

Zefania hakuwa mtu wa madaftari. Aliishia darasa la nne, nalo alilipita mbio, kwa kuwa baba yake alihitaji mtu wa kushika upande wa pili wa msumeno. Alichokijua alikijua kwa mkono: mbao ipi itapinda na ipi itapasuka, ufa upi unahitaji pamba na upi unahitaji kubadilishiwa ubao. Penseli yake ya fundi, ile nene nyekundu yenye risasi pana, haikutoka sikioni. Elida alikuwa akimtania kwamba siku ya kiyama atafufuka nayo.

Alipomuoa, watu walinong'ona. Mwalimu na fundi boti! Lakini Elida hakuwa na makuu. Jioni, nyumbani kwao Katubuka, alimwekea gazeti mapajani, akamwambia, "Haya, mwanafunzi wangu mzee, nisomee." Akasoma kwa kujikwaa, naye akamsahihisha huku anachambua mchicha. Ikawa Zefania naye anamsaidia: mistari ya maandalio ya somo alimpigia yeye, kwa rula ya mbao na ile penseli. Mahudhurio, alama za mitihani, takwimu za madawati, fomu za huku, fomu za kule. Maana kazi ya mwalimu siku hizi ni makaratasi, na kufundisha anafundisha akipata nafasi. Kila ofisi iliyo juu yake inataka karatasi yake, na kila mwenye ofisi anadhani ni yeye peke yake anayetaka.

Basi baada ya msiba akabaki na nyumba, penseli na hasira. Alimlaumu Pastory. Alimlaumu afisa elimu, waliopanga semina, waliopeleka walimu wachache kwenye watoto wengi. Mteja akija kuagiza boti, kabla hawajafika kwenye urefu wake, alikuwa ameshasikia habari za Gungu.

"Ndugu yangu Zefa," Hamdani akamwambia siku moja. Hamdani alikuwa fundi mwenzake, mtu wa Ujiji, wazee wake walitoka ng'ambo ya ziwa. "Leo umewahukumu wangapi tangu asubuhi?"

"Wote."

"Na mimi nimo?"

"Wewe bado. Una zamu yako."

"Basi ukinifikia nipe kifungo cha nje, nina wake wawili wa kuwalisha." Hamdani akacheka peke yake, kisha akatulia. "Lakini Zefa, hasira ni kama boti. Ukikaa humo siku zote hufiki nchi kavu."

"Na nchi kavu kuna nini?"

Hamdani akageukia kazi. Akachukua nyundo.

*

Mwaka uliofuata, Machi tena, mwezi wa Ramadhani umeshaanza, akaja Mwalimu Yasmini ufukweni. Alikuja kwa miguu, amefunga, midomo imemkauka. Alikuwa mwalimu mdogo kuliko wote pale shuleni, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupangiwa kazi mbali na kwao. Elida alimpokea kama mdogo wake. Kwa hiyo alimwita Zefania shemeji.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri, shemeji." Akakaa juu ya ubao, akatazama maji kidogo. "Nzuri, ila nimetumwa."

"Na nani? Na yule?"

"Na mwalimu mkuu, ndiyo. Kuna chumba pale shuleni, ile stoo ya zamani. Tumeisafisha, tumepaka rangi. Kila Alhamisi walimu tutakuwa tunakutana humo, tunafundishana mambo ya darasani. Na mwenye la moyoni atapata mwenzake wa kumsikiliza. Tunataka kukiita Chumba cha Mwalimu Elida. Ijumaa tarehe kumi na nne. Tunaomba wewe ndiye ukifungue."

Zefania akaendelea kupiga randa. Maganda ya mbao yakajikunja miguuni pa Yasmini.

"Mlikula nini siku ile kule Gungu?" akauliza.

"Shemeji..."

"Nauliza tu. Nasikia zilikuwapo soda."

"Nilikuwa nimefunga, shemeji. Ilikuwa Ramadhani, ya tatu au ya nne. Hata hiyo soda sikuinywa." Machozi yakamlenga. "Unadhani siwazi? Mimi nilipata nafasi kwa sababu ya dada Elida. Waliwahi kutuletea fomu za kutuuliza tunaendeleaje. Mimi nikataka kuandika vizuri, vizuri, vizuri, kama kawaida. Yeye akaninyang'anya kalamu. Akaniambia, 'Yasmini, hii si salamu. Hawa wameuliza, waambie. Sema hulali. Sema unalia chooni.' Nikaandika ukweli. Ndiyo maana nikaitwa semina. Dada Elida ndiye aliyenipeleka Gungu."

Zefania akasimamisha randa.

"Kwa hiyo walioitwa walichaguliwa?"

"Ndivyo nilivyosikia."

"Na nani aliyechagua?"

"Sijui, shemeji. Mambo ya ofisini hayo."

"Basi nenda ukamwambie huyo mkuu wako hivi. Nitakuja kufungua hicho chumba. Lakini kabla sijagusa utepe, asimame mbele ya watu amtaje kwa jina aliyeamua mke wangu abaki. Asiseme utaratibu. Asiseme halmashauri. Jina. Mtu na jina lake. Akishindwa, chumba chenu kipeni jina la mbuzi, la Elida siwapi."

Yasmini akainuka, akakung'uta maganda. "Nitamwambia," alisema. Akapiga hatua tatu, akageuka. "Shemeji, na wewe unaendeleaje?"

"Salama," akajibu Zefania, na randa ikaanza tena.

*

Jibu halikuja. Siku mbili, kimya. Ya tatu, Jumatano, Zefania akaweka chini vifaa, akanawa mikono kwa sabuni, akapanda mlima mwenyewe mpaka shuleni. Hakuwa amekanyaga pale tangu msiba. Baraza kati ya darasa la tano na la sita lilikuwa hatua saba. Alizihesabu. Hatua saba tu, na mtu anaweza asizimalize.

Mwalimu Pastory alikuwa ofisini, miwani puani, anasahihisha madaftari. Alikuwa amezeeka mwaka huu mmoja. Akasimama.

"Karibu, Mzee Zefania. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani hakuna mtu wa kuwa na habari. Nimekuja kuchukua jina."

Pastory akafunga mlango. Kelele za watoto zikapungua, hazikuisha.

"Yasmini aliniambia sharti lako. Nimekubali. Ijumaa nitasimama na nitasema ni mimi. Pastory. Nimeshaandika."

Zefania alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na ubishi ukawa haupo. Ni kama kuusukuma mlango uliokuwa wazi. Akakaa bila kukaribishwa.

"Kwa nini yeye?" akauliza. "Nataka kujua. Kwa nini yeye na si mwingine?"

"Nimekubali kosa, mzee. Hili lingine liache."

"Siliachi. Mwaka mzima nimelala nalo. Mlimwona mjinga? Mlimwona punda?"

"Nakuomba uliache. Si kwa ajili yangu."

"Ninyi mna tabia moja," Zefania alisema, sauti ikipanda. "Mtu asiyesoma mnamficha karatasi. Mnadhani akiiona ataila. Nionyeshe ilivyoandikwa!"

Pastory akavua miwani, akajifuta uso, akavaa tena. Kisha akafungua kabati la chuma na kutoa faili. Akasimama nalo kifuani.

"Nafasi zilikuwa nane. Waliotuletea semina walisema waende kwanza wale ambao fomu zao zinaonyesha wameelemewa. Nilizisoma zote. Waliojibu vizuri tangu mwanzo mpaka mwisho walikuwa wawili, Thobias na mkeo. Nikasema hawa wako imara, hawa watashika shule siku moja. Watoto tungewarudisha nyumbani, lakini ilikuwa wiki ya mitihani ya majaribio, nikaogopa kuulizwa na wakubwa wangu. Thobias akaugua. Yamekwisha hayo."

"Mwongo," Zefania akasema. "Elida asingeandika hivyo. Yasmini ameniambia kwa kinywa chake. Elida ndiye aliyewaambia wenzake waandike ukweli. Asingedanganya fomu."

Pastory hakubishana. Akaiweka karatasi mezani, akaigeuza ili Zefania aweze kuisoma, na akaenda kusimama dirishani, mgongo akimpa.

Zefania aliijua kabla hajaisoma. Kama vile mtu anavyoijua boti aliyoitengeneza, hata ikipakwa rangi nyingine na kuvushwa ziwa. Alama za vema zilikuwa nene na pana, zimeanzia chini na kupanda kwa kishindo, na kila moja ilikuwa na mkia mfupi kushoto. Ndivyo alivyotia alama mbao zilizofaa kwa miaka thelathini. Risasi ya penseli ya fundi ilikuwa inang'aa bado.

*

Ilikuwa jioni ya Februari, mwezi mmoja kabla ya msiba, jua linazama, Elida yupo jikoni anasonga ugali wa muhogo. Dagaa walikuwa wanakaangika kwenye mawese. Zefania alikuwa na njaa.

"Mume wangu, kuna karatasi hapo kwenye mkoba, ya kesho. Mikono yangu imechafuka. Nisomee nikujibu, wewe tia vema."

Karatasi nyingine. Alikuwa ameshazijaza nyingi kiasi cha kutozitofautisha. Akaivuta penseli sikioni, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Ha-li ya... usingizi wako... ikoje?"

"Nzuri."

"Hali ya afya yako ikoje?"

"Nzuri."

"Hali yako uwapo... da-ra-sa-ni."

"Nzuri, baba."

"Hizi salamu zao ni ndefu kuliko za bibi yangu," alisema, na Elida akacheka. Alicheka kweli? Sasa akiwa ofisini kwa Pastory, karatasi mbele yake, Zefania alijaribu kukisikia kicheko kile, akasikia mafuta tu yakichachatika.

Kwao, na kwa watu wote wa upande ule, habari huulizwa mara mbili. Ya kwanza hujibiwa nzuri. Hata kama ndani kuna maiti hujibiwa nzuri, maana mgeni hapokewi kwa kilio. Hukaa, hupewa maji, hushusha pumzi. Ndipo huulizwa ya pili, na ya pili ndiyo inayobeba *ila*. Nzuri, ila mtoto hatunaye. Nzuri, ila nyumba imeungua. Mtoto mdogo anajua hivyo. Anayeondoka baada ya ile ya kwanza hakuja kusalimia, alikuwa anapita njia.

Zefania aliuliza mara moja moja, maswali kumi na moja, akatia vema kumi na moja kwenye safu ya VIZURI. Kuna mahali Elida alinyamaza. Hilo alilikumbuka sasa, na heri asingelikumbuka. Swali la tisa: *Hali ya moyo wako ikoje unaporudi nyumbani?* Mwiko ulisimama kwenye sufuria. Zefania akasubiri kidogo, dagaa wakinukia. Hakumuuliza tena. Alitia vema mwenyewe, akasogea kwenye la kumi.

Halafu la kumi na mbili, lisilotaka vema, lililotaka neno.

"*Una mtu wa kumweleza yanayokusibu? Ni nani?*" Hilo alilisoma lote bila kujikwaa, akajisifu moyoni.

Elida aligeuka na mwiko mkononi. Mwanga wa moto ulikuwa nyuma yake, uso hakuuona.

"Andika mume."

Naye akaandika. Kwa herufi kubwa, akikaza penseli, kama anavyoandika jina la boti ubavuni. Na hapo ilikuwa mbele yake, imepita karatasi mpaka upande wa pili: MUME.

*

"Ulijua," alisema Zefania. Kengele ilikuwa imeshapigwa na watoto wameshatoka.

"Nilijua si mkono wake," Pastory akajibu kutoka dirishani. "Hata siku ile aliyoileta nilijua. Nikajisemea, si kitu, amemsaidia mumewe. Sikumwita. Sikumuuliza. Baada ya msiba nikaitoa tena, nikaona hiyo penseli, nikakuona wewe kaburini na penseli sikioni."

"Mwaka mzima nimekutukana. Sokoni Mwanga. Kanisani."

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini, mzee? Nikuongezee kaburi la pili?"

Zefania akaikunja ile karatasi mara nne. Kitu fulani ndani yake kilitaka kumshukuru mtu yule, na kingine, kikubwa zaidi, hakikutaka. Huruma ya wakubwa nayo ina uzito wake, na wanaokupa hawakuulizi kama unaweza kuibeba.

"Usinifanye mtoto," akasema. "Mimi nilitia vema jioni moja. Wewe ulimwona kila siku, miaka tisa. Alikuwa anakuja na macho mekundu. Ulimsalimia kila asubuhi akakujibu nzuri, ukaridhika."

"Niliridhika," alisema Pastory. Akageuka. "Kama wewe."

Zefania akatoka na ile karatasi mfukoni, na Pastory hakumdai.

*

Ijumaa iliwakuta walimu wamepanga viti nje ya stoo ya zamani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na ardhi ilikuwa nyekundu na laini. Utepe ulikuwa wa buluu. Juu ya mlango, kwa rangi nyeupe, Yasmini alikuwa ameandika jina la Elida, na herufi ya mwisho ilikuwa imechuruzika kidogo. Hamdani alikuja pia, kanzu safi, akiwa njiani kuelekea msikitini.

"Leo unamhukumu nani?" alimnong'oneza Zefania.

"Zamu imefika," Zefania akajibu, na Hamdani alipomtazama usoni, utani ukamkauka.

Pastory alisimama, mkononi ana karatasi, na mara hii hakuisoma. Alisema kwa kifupi, akiwatazama watu.

"Mwaka jana siku kama hii Mwalimu Elida aliachwa peke yake na shule nzima. Mzee Zefania ameomba jina la aliyeamua. Aliyeamua ni mimi, Pastory. Si mtu mwingine."

Manung'uniko yakapita. Mama wa maandazi akajifunika mdomo kwa khanga. Vichwa vyote vikamgeukia Zefania, na machoni mwao aliona walichokuwa wanakingoja. Kisasi chake kilikuwa kimeiva, kimeletwa mezani, kilichobaki kilikuwa kunawa mikono na kula. Yasmini alikuwa ameshika mkasi, anamnyooshea.

Hakuuchukua. Aliingiza mkono mfukoni.

"Amesema kweli, na kweli yake haijatimia," alisema. "Hii ni fomu ya mke wangu. Hii ndiyo aliyoifuata. Humu imeandikwa kwamba Elida analala vizuri, ana afya nzuri, ana moyo mzuri. Aliyeandika ni mimi." Akaitoa penseli sikioni, akaiinua watu waione, kisha hakujua aipeleke wapi, akabaki nayo. "Nilikuwa na njaa. Kuna swali hakulijibu, nikalijibu mimi. Sikuuliza mara ya pili."

Pastory alikuwa ameinamisha kichwa.

"Msidhani nimewasamehe," Zefania akaendelea. "Sijawasamehe. Mtu mmoja, watoto mia sita. Hilo halikuandikwa na penseli yangu. Lakini hapa chini wameuliza kama ana mtu wa kumweleza yanayomsibu, naye akasema mume. Nikaandika. Nimeishi naye miaka kumi na tisa, na hajawahi kunieleza hata moja. Presha yenyewe niliijulia hospitali."

Akamtafuta Yasmini kwa macho, akampata.

"Wewe alikuambia fomu si salamu. Kwa hiyo alijua. Alijua inauliza kweli, na alijua cha kuandika. Halafu akaja nyumbani, akanipa mimi nimsomee."

Yasmini alikuwa analia bila sauti, mkasi umeshuka ubavuni. Zefania aliikunjua ile karatasi, akawageuzia walimu wote tisa upande wenye maandishi, kama mwanafunzi anayeonyesha ubao wake.

"Ninyi ndio mliosoma. Kila Alhamisi mtakaa humo ndani mkisikilizana. Basi nisikilizeni mimi kwanza, mnijibu hili moja. Jioni ile, aliposema nzuri mara zote zile, alikuwa anaijibu fomu, au alikuwa ananijibu mimi?"